Ngala, KADU na siku Pwani ilipoamka ikiwa KANU

Nyumbani kwetu Mji wa Kale jina la Ronald Ngala halikuwa likitajwa kwa wema. Babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Mwambao. Miaka ya 1961 na 1962 hakukosa mkutano wowote wa kudai ukanda wa maili kumi uwe na mamlaka yake, na mpaka anazikwa aliamini kwamba aliyeizika ndoto ile hakuwa Kenyatta wala Mwingereza. Alikuwa ni Mgiriama mmoja, mwalimu wa shule.

Alasiri ikifika, kwenye baraza yetu alikuwa akija mzee mwengine, muuza madafu kutoka pande za Rabai. Huyu alikuwa KADU wa damu. Walikunywa kahawa ya dele moja na wakabishana juu ya mtu mmoja. Babu alimwita Ngala msaliti kwa sababu aliwakataa watu wa Mwambao. Mzee wa Rabai naye alikuwa na lake: kwake yeye Ngala alikuwa shujaa hadi Novemba 1964, na habari za baada ya hapo hakutaka kuzisikia. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa kashata, nikisikiliza huku nikijifanya sisikilizi. Imenichukua miaka mingi kufahamu kwamba wazee wale walikuwa wakilia msiba mmoja, kila mmoja akiwa upande wake wa jeneza.

Naandika haya kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia vijana wa hapa kwetu huuliza mbona Pwani haina chama chake, na kila mara wakubwa wetu huenda kujiunga na aliye na nguvu huko juu, kisha wakarudi kutuambia kwamba wamefanya hivyo kwa ajili yetu. Jambo hili lina mwanzo, na anayetaka kuujua mwanzo huo hana budi kuyajua maisha ya mwalimu huyu.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, miaka michache tu baada ya Waingereza kuwapiga Wagiriama vita vya 1914, kuilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuwatoza watu faini. Alikulia kati ya watu waliojua vizuri maana ya serikali ya mbali. Tena walijua maana ya kulima ardhi isiyo yako kwa karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai shamba katika ukanda wa pwani alete ushahidi wake. Wenye hati na mashahidi, wengi wao Waarabu na Waswahili, walipata umiliki. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Na Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima pale wakageuka maskwota. Babu yangu alikuwa na shamba la minazi upande wa Takaungu, na waliolima ndani yake walikuwa Wagiriama. Sitalificha hilo, maana bila hilo ugomvi wao haueleweki.

Ngala alisoma Kaloleni kwa wamishonari, akaenda Alliance huko Kikuyu, kisha Makerere, Uganda, akatoka mwalimu. Alifundisha na akawa mkuu wa shule, ikiwemo Buxton hapa Mombasa, na wako waliopita mikononi mwake ambao walimkumbuka kwa utaratibu wake kuliko kwa siasa zake. Mwaka 1949 kikatoka kitabu chake kidogo cha Kiswahili, *Nchi na Desturi za Wagiriama*. Mtu anayetaka kujua Ngala alikuwa nani kabla ya kuwa mheshimiwa aanze hapo: kijana aliyesoma mpaka mwisho wa masomo yaliyokuwepo wakati ule, akarudi kuandika habari za watu wa kwao, tena akaziandika kwa lugha ya mwambao wote.

Siasa ilimpata mwaka 1957. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Waafrika wa Kenya kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, na haukuwa uchaguzi wa kila mtu. Ilibidi uwe na elimu, au kipato, au mali, au utumishi, na aliyekuwa navyo vingi aliweza kupiga kura hadi tatu. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na wengine watatu, akaingia Ngala kwa kiti cha Pwani. Hakuwa msemaji wa kutikisa uwanja kama Mboya. Alikuwa mpole, mwenye kupima neno, na wenzake walimwamini kwa ajili hiyo. Kongamano la kwanza la Lancaster House lilipofanyika London mapema 1960, ujumbe wa Waafrika ulikuwa chini ya uenyekiti wake, Mboya akiwa katibu. Ni kitu ambacho watu wengi wa Pwani hawakijui: safari ya uhuru ilipofika mezani kwa mara ya kwanza, aliyekaa mbele ya Waafrika wote alikuwa mtu wetu wa hapa.

Umoja ule haukumaliza hata miezi sita. Mwezi Mei 1960, huko Kiambu, ikaundwa KANU. James Gichuru akawekwa rais wa chama akimshikia nafasi Jomo Kenyatta, ambaye alikuwa bado kizuizini. Odinga akawa makamu, Mboya katibu mkuu. Ngala na Moi walikuwa nje ya nchi, na wakapewa uweka hazina na usaidizi wake bila kuwepo. Wote wawili walikataa. Waliiona KANU kuwa chama cha makabila makubwa, Wakikuyu na Wajaluo, ambamo wadogo wangepewa viti vya kukalia wala si vya kuamulia. Juni mwaka uleule, Ngong, wakaunda KADU: Wapwani, Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya wa upande wa Muliro na wengineo. Ngala akawa rais wa chama, Muliro makamu wake.

Uchaguzi wa Februari 1961 unastahili kusomwa polepole, maana ndani yake mna kila kitu kilichofuata. KANU ilipata takriban asilimia 67 ya kura. KADU ilipata kama asilimia 16. Lakini kwa viti ilikuwa 19 kwa 11. Sababu ni kwamba maeneo ya KADU yalikuwa makubwa kwa ardhi na machache kwa watu, na mistari ya viti haikufuata vichwa peke yake. Kwa hiyo KADU ilionekana bungeni kuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa mashinani. Nadhani Ngala alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mtu aliyefundisha hesabu kwa watoto hawezi kukosa kuona kwamba nchi ikifika kwenye kura moja kwa kila mtu, chama chake kitakuwa cha pili leo, kesho na kesho kutwa.

KANU ikasusa. Ikasema haiundi serikali mpaka Kenyatta aachiwe. Ngala, baada ya kusitasita, akakubali kuingia serikalini pamoja na Wazungu wa kundi la Michael Blundell na baadhi ya Waasia, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Kwa hatua hiyo alilipa bei ambayo hakuimaliza maisha yake yote. Mikutano ya KANU ikamchora kama kibaraka wa walowezi. Hapa nataka kumtetea kidogo: serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuwepo Kenyatta alipoachiliwa Agosti 1961, na Ngala naye alikuwa akidai aachiliwe. Lakini pia lazima niseme ukweli kwamba kukaa na Blundell wakati ule, kwa mtu aliyetaka kura za Waafrika, ilikuwa ni kumpa mpinzani wako kuni za kukuchomea. Kenyatta alipotoka, wote wawili, KANU na KADU, walimtaka. Oktoba 1961 akashika urais wa KANU. Tangu hapo chama kikubwa kikawa na jina kubwa.

Silaha iliyobaki kwa KADU ilikuwa majimbo. Neno hili siku hizi limechafuka, mtu akilisikia anafikiria mapanga ya Likoni na kufukuzana. Kwa Ngala lilikuwa karatasi ya katiba: majimbo yenye mabaraza yao ya kuchaguliwa, yenye sauti juu ya ardhi, elimu na polisi, na Seneti ya kuyalinda. Kwamba chama kikubwa kingeshinda uchaguzi wa Nairobi alishakubali. Alichotaka ni kwamba ushindi huo usifike mpaka mlangoni kwa kila mtu. Katika Kongamano la pili la Lancaster, 1962, alilipata kwa sehemu kubwa, akaingia katika serikali ya mseto akiwa waziri sawa na Kenyatta.

Na ni palepale London, katika miezi ileile, ndipo alipokutana na ugomvi wa babu yangu.

Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, Mwingereza akiutawala kwa mkataba wa 1895, na bendera nyekundu ikipepea Ngome ya Yesu. Uhuru ulipokaribia, Waarabu na Waswahili wengi waliona kwamba ni aheri mwambao ujitawale au ubaki na Zanzibar kuliko kutawaliwa na chama cha bara. Sir James Robertson akatumwa mwaka 1961 kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Ngala alisimama upande huohuo. Kwake yeye mwambao bila bara yake ya Kaloleni, Ganze na Kinango ulikuwa ni kuwarudisha maskwota chini ya wenye hati. Alitaka Pwani moja, ndani ya Jimbo la Pwani, na Wamijikenda wakiwa wengi ndani yake.

Kila nikilifikiria hili naona uchungu wake. Babu yangu na Ngala walikuwa na hofu moja, hofu ya chama ambacho kwa hesabu ya vichwa hakiwezi kushindwa, kikae mbali na kiamue kila kitu. Babu aliogopa chama hicho kuliko alivyomwogopa jirani yake Mgiriama, lakini hakuwa tayari kumwambia jirani yule kwamba shamba la Takaungu lingezungumzwa. Ngala aliogopa chama hicho vilevile, lakini hakuwa tayari kuwapa watu wa Mji wa Kale neno lolote la kuwatuliza mpaka ikawa wamechelewa wote. Dhamana zilizopatikana Oktoba 1963, za mahakama za kadhi, uhuru wa ibada na kutambuliwa kwa hati za ardhi, zilikuja katika barua kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte. Hazikuja kati ya Mswahili na Mgiriama. Mpaka leo naliona hilo ni aibu yetu sote wawili.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulikuja na matokeo ambayo mwalimu alishayaona ubaoni. KANU ikapata viti zaidi ya maradufu ya KADU, Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Lakini Pwani ilimpigia KADU, na mabaraza ya Pwani na Bonde la Ufa yakawa mikononi mwa chama chake. Kwa muda mfupi sana Mpwani alikuwa na alichokuwa amekitaka: chama chake, jimbo lake, na katiba iliyoandikwa kwamba ili vifungu vikuu vibadilishwe zitakiwe robo tatu ya Bunge la chini na asilimia 90 ya Seneti. Ukisoma tarakimu hizo unaweza kudhani ni ukuta wa mawe.

Ukuta haukubomolewa kwa kura. Kwanza serikali ya Nairobi ilichelewesha kuyapa majimbo kazi na fedha zake, na jimbo lisilo na fedha ni ofisi tu. Mwaka 1963 ulipokuwa ukielekea mwisho, katika kongamano la tatu, KANU ikataka katiba ilegezwe na baadhi ya viongozi wa KADU wakatishia kuigawa nchi. Tishio lile halikumsaidia mtu. Waingereza walishaamua kwamba mwenye viti vingi ndiye wa kuzungumza naye. Halafu, mwaka 1964, wabunge wa KADU wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Leo huyu, kesho yule. Kila aliyehama aliambiwa kwamba watu wake watapata barabara, shule na nafasi. Aliyebaki aliona barabara zikipita kwa jirani. Kenyatta alitangaza kwamba Kenya itakuwa jamhuri, na kwamba asipopata idadi bungeni ataiendea nchi kwa kura ya maoni. Kila mtu alijua nani angeishinda kura hiyo. Hata maseneta, waliowekwa pale kuwa walinzi wa majimbo, wakaanza kuhama.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na yeye na wenzake wanahamia upande wa serikali. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, na Bunge likabaki bila upinzani rasmi hata kiti kimoja.

Wako wanaosema alinunuliwa. Mimi siamini, kwa sababu moja iliyo wazi: bei hakuipata. Moi, ambaye ndani ya KADU alikuwa chini yake, alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani Desemba ileile. Ngala, rais wa chama kizima, hakuingizwa katika baraza la mawaziri mpaka 1966. Ninavyoona mimi, alihesabu. Aliona kwamba atabaki na watu wawili au watatu bungeni, jimbo likiwa limekufa njaa, na akachagua kuingia na wote kwa pamoja akiwa bado ana kitu cha kukiweka mezani. Kwa hesabu za mtu mmoja inaeleweka.

Lakini hesabu ile haikuwa yake peke yake. Watu wa Kilifi, Kwale, Taita na kwingineko walikuwa wameingia vituoni miezi kumi na minane kabla, wakachagua KADU wakijua wanachagua nini. Walilala wakiwa KADU, wakaamka wakiwa KANU. Hakuna aliyerudi kuwauliza. Hapakuwa na mkutano wa wanachama, wala uchaguzi mdogo. Mzee wetu wa Rabai hakuwa na kinyongo kwamba Ngala alishindwa; alikuwa na kinyongo kwamba hakuulizwa. Alikuwa na kadi ya KADU aliyoinunua kwa pesa za madafu, na siku ile kadi ikawa karatasi tupu.

Sasa linganisha na yaliyotokea 1966. Machi mwaka huo, mkutano mkuu wa KANU huko Limuru ulifuta cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Odinga, ukaweka makamu wanane, mmoja kwa kila upande wa nchi. Wa Pwani akawa Ngala. Odinga akatoka na kujiunga na KPU, wabunge kadhaa wakamfuata. Haraka ikapitishwa sheria kwamba mbunge akihama chama kilichomdhamini lazima aache kiti na arudi kwa wapiga kura. Kanuni nzuri kabisa. Mimi ningeipigia kura. Ila angalia tarehe. Waliohama kwenda KANU mwaka 1964 hawakuambiwa warudi kwa mtu. Waliohama kutoka KANU mwaka na nusu baadaye wakaambiwa warudi kwa wapiga kura. Na Ngala, ambaye chama chake kizima kilihama bila kurudi kwa wapiga kura, alikuwa upande wa wanaotunga. Mwezi Mei mwaka huohuo akapewa wizara, ya Ushirika na Huduma za Jamii.

Uchaguzi mdogo uliofuata ulionyesha KANU ilikuwa ikiendeshwaje: KPU ilipata kura nyingi zaidi kwa jumla, KANU ikapata viti vingi zaidi, 20 katika 29. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa zote kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Oktoba 1969 chama chenyewe kikapigwa marufuku, na Desemba watu wakapiga kura wakiwa na chama kimoja tu cha kuchagua. Tusiseme kwamba wananchi hawakuwa na la kufanya. Karibu nusu ya wabunge waliangushwa mwaka ule. Wenyewe walikuwa wakibadilishwa, chama hakikubadilishwa. Ngala alipita salama, akapewa Nguvu za Umeme na Mawasiliano.

Kuhusu miaka yake ya uwaziri sina mengi. Alifanya kazi, alizuru, alifungua miradi. Nguvu zake nyingi ziliishia katika vita vya ndani vya KANU ya Pwani, hasa na kundi la Msanifu Kombo hapa Mombasa, nani awe mwenyekiti, nani apewe tawi. Ndivyo chama kimoja kinavyofanya kazi: ushindani hauishi, unahamia ndani ya nyumba na kuwa mdogo. Aliyewahi kuzungumzia katiba ya nchi na Waingereza London, akawa anazungumzia matawi ya Mombasa.

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali upande wa Konza, katika barabara ya Nairobi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyuki waliingia garini na dereva akashindwa kulidhibiti. Alifariki siku ya Krismasi, akiwa na umri wa miaka kama hamsini. Habari ya nyuki ilizusha maneno mengi Pwani na mpaka leo kuna wazee wanaoipokea kwa kucheka bila furaha. Mimi sina ushahidi wa zaidi ya hayo, na kuwajaza watu shuku bila ushahidi si kazi yangu. Jina lake likabaki kwenye mtaa mkubwa wa Nairobi ambao kila siku umejaa matatu na wachuuzi. Mtu anaweza kuupita miaka kumi asijue ni mtu wa wapi.

Mengine yaliyofuata mnayajua. Moi, msaidizi wa zamani wa KADU, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa KANU na wa nchi. Mwaka 1982 Bunge lake likaandika katika katiba kwamba Kenya ni ya chama kimoja, jambo ambalo hata Kenyatta hakuhitaji kuliandika. Vyama viliporudi, KANU ilishinda 1992 ikiwa na takriban asilimia 36 tu ya kura za urais kwa sababu upinzani uligawanyika, ikashinda tena 1997, na ikaondoka 2002. Mwaka 2010 katiba mpya ikarudisha mabaraza ya kuchaguliwa na Seneti, safari hii kwa kaunti 47, sita zikiwa zetu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kumpigia mtu simu, lakini wote waliokuwa wa kupigiwa walikuwa wameshakufa.

Babu alifariki mapema 1988, wakati wa uteuzi wa KANU ule wa mlolongo, ambapo watu hawakupiga kura ya siri, walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea na kuhesabiwa. Mzee wa Rabai alifika matangani siku ya pili, akiwa na madafu aliyokataa kulipwa. Akakaa pale pale alipozoea kukaa, mahali pa babu pakiwa patupu. Mjomba akamuuliza kama ametoka kwenye mlolongo. Akasema ndiyo, amepanga. Mjomba akamuuliza foleni yake ilikuwa ndefu au fupi. Akasema hakugeuka kuangalia.